Je, Wajua? Wimbo Ulioimbwa na Wimbo Uliousikia

Je, wajua kwamba kuna mwanamke aliyekufa kifo cha kishujaa ingawa hakuwahi kuwepo duniani? Jina lake Lady Mondegreen. Aliishi na kufa ndani ya sikio la mtoto mmoja wa Kimarekani, Sylvia Wright, aliyekuwa akisomewa na mama yake utenzi wa kale wa Uskoti.

Utenzi huo unasimulia kuuawa kwa James Stewart, bwana mkubwa wa Moray, mwaka 1592. Mtunzi alisema wauaji walimlaza marehemu juu ya majani. Sylvia akasikia kwamba walimuua yeye pamoja na Lady Mondegreen! Papo hapo akampa bibi huyo gauni la kijani na mshale wa koo, akamhurumia miaka na miaka.

Alipokuwa mtu mzima aliyaandika hayo katika jarida la Harper's la Novemba 1954, na akasema bila kuuma maneno kwamba kilichosikiwa kimakosa ni bora kuliko kilichotungwa. Kamusi ya Merriam-Webster ikalipokea neno mondegreen, yaani maneno yaliyosikiwa kimakosa, mwaka 2008. Mimi niko upande wa Sylvia. Nipe dakika chache, nikuvute na wewe.

Haya, twende mbio. Mwaka 1967 Jimi Hendrix alitoa kibao chake "Purple Haze", akaimba kwamba anataka kulibusu anga. Wasikilizaji wasiohesabika wakaapa kwamba anataka kumbusu jamaa fulani aliyesimama karibu! Hendrix mwenyewe alikuwa akilifanyia mzaha kosa hilo jukwaani, na mwaka 1995 mwandishi Gavin Edwards akachapisha kitabu kizima cha maneno yaliyosikiwa ndivyo sivyo, jina lake likitoka katika busu hilohilo.

Je, wajua kwamba kuna mwimbaji aliyekubali kushindwa na masikio ya mashabiki wake? Ni John Fogerty wa Creedence Clearwater Revival. Mwaka 1969 aliimba katika "Bad Moon Rising" kuhusu mwezi wa balaa unaochomoza; watu wakasikia kwamba choo kiko upande wa kulia. Alichofanya baadaye ni kukiimba choo hicho kwa makusudi kwenye maonyesho yake, huku umati ukipiga mayowe ya furaha.

Unaijua "Dancing Queen" ya ABBA, ya mwaka 1976? Mahadhi yanatoka kwenye tari. Lakini kuna watu ambao hadi leo wanasikia yanatoka kwenye chenza! Na "Sweet Dreams" ya Eurythmics, ya 1983, imewafanya watu waamini kwamba ndoto tamu hutengenezwa kwa jibini.

Bon Jovi nao, mwaka 1986, walitoa "Livin' on a Prayer". Wanandoa wawili hohehahe wanaambiana kwamba hakuna tofauti wakifanikiwa au wasifanikiwe. Msikilizaji akasikia kwamba hakuna tofauti wakiwa uchi au wasiwe uchi. Niambie wewe, kati ya hizo mbili, ndoa ipi ina moto zaidi?

Taylor Swift, mwaka 2014, aliimba katika "Blank Space" kuhusu orodha ndefu ya wapenzi wa zamani. Watu wakasikia wapenzi wa Starbucks, kampuni ya kuuza kahawa. Hebu fikiria: mapenzi yaliyoanza kwenye foleni ya kahawa na kuishia hapohapo.

Jingine la haraka. Bruce Springsteen hajawahi kufikisha kibao chake mwenyewe namba 1 katika chati kuu ya Marekani. Iliyomfikisha huko kama mtunzi ni bendi ya Uingereza, Manfred Mann's Earth Band, mwaka 1977, kwa wimbo wake "Blinded by the Light". Na neno moja la kiitikio chake, ambalo ni jina la gari la zamani la Ford, limesikiwa vibaya na watu wengi kiasi kwamba wachache ndio wanaolijua lenyewe.

Na kosa la sikio linaweza kuuza bidhaa, unajua? Desmond Dekker wa Jamaika aliimba "Israelites", na Aprili 1969 ukawa wimbo wa kwanza wa rege kutoka Jamaika kushika namba 1 Uingereza. Waingereza wengi waliupenda bila kushika neno, wengine wakisikia kwamba masikio ya mwimbaji yanawaka moto. Kampuni ya kanda ya Maxell ikatengeneza tangazo la televisheni lililojengwa juu ya kosa hilohilo!

Labda utasema dawa ni kuyachapisha maneno. Haya, sikiliza. Mwaka 1967 Beatles walitoa albamu ya "Sgt. Pepper's", moja ya albamu za kwanza za roki kuchapishwa maneno yote ya nyimbo kwenye jalada lake. Ndani yake mna wimbo wa Lucy, msichana mwenye macho ya rangi zinazogeukageuka, na pamoja na jalada hilo, watu wakasikia kwamba msichana ana ugonjwa wa utumbo mpana.

Beatles haohao walikuwa wameshapata kisa kingine. Tarehe 28 Agosti 1964, katika hoteli ya Delmonico mjini New York, Bob Dylan alikutana nao akawakaribisha bangi. Wakamwambia hawana mazoea nayo. Dylan akashangaa sana, kwa sababu katika "I Want to Hold Your Hand" yeye alikuwa akisikia wanajisifu kwamba wamelewa moshi. Kumbe walikuwa wanasema hawawezi kuficha hisia zao!

Sasa kaa vizuri, maana hili linalokuja ni zito. Je, wajua kwamba FBI, wapelelezi wakuu wa Marekani, walitumia zaidi ya miaka miwili kuchunguza maneno ya wimbo mmoja wa kudansi? Wimbo ni "Louie Louie". Aliutunga Richard Berry, na vijana wa The Kingsmen wakaurekodi mjini Portland, Aprili 1963, kwa gharama ya kama dola 50.

Mwimbaji Jack Ely alikuwa na vyuma vya kunyoosha meno. Kipaza sauti kilining'inizwa juu mno, ikabidi ainue shingo na kupaza sauti kuelekea darini. Kilichotoka kwenye santuri ni kelele tamu zisizoeleweka, na vijana wa shule wakajaza wenyewe. Waliandika maneno machafu kwenye vikaratasi wakapitishiana darasani kwamba ndiyo yanayoimbwa.

Wazazi walipovinasa vikaratasi, moto ukawaka. Mmoja aliandika barua hadi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Robert Kennedy. Gavana wa Indiana aliomba redio za jimbo lake zisiupige wimbo huo. FBI wakaichukua santuri, wakaisikiliza kwa mwendo wa kawaida, wakaipunguza mwendo, wakaiongeza mwendo.

Hukumu yao? Haueleweki, hata uucheze kwa mwendo gani! Na maneno halisi ni ya baharia anayemsimulia Louie jinsi anavyomkumbuka msichana wake anayemngoja Jamaika. Basi, hakuna zaidi. Jack Ely mwenyewe, aliyeimba, FBI hawakumhoji hata siku moja.

Na wapenzi wa kibao hicho watakuonyesha la ziada. Karibu na sekunde ya 54, kwa mbali nyuma ya ala, mpiga ngoma anasikika akiropoka tusi la kweli. Miaka yote hiyo ya upelelezi, hakuna aliyelinasa.

Turudi Afrika. Je, wajua kwamba moja ya nyimbo za Kiafrika zilizosafiri mbali kuliko zote ilisafiri na neno lililosikiwa vibaya? Mwaka 1939, katika studio ya Gallo mjini Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi "Mbube". Kwa Kizulu, mbube ni simba, na waitikiaji walikuwa wakisema, kwa maana, wewe ni simba.

Santuri ikavuka bahari. Mtafiti wa nyimbo Alan Lomax akampa mwanamuziki Pete Seeger, naye akaketi, akasikiliza, akaandika kile alichosikia: wimoweh. Neno hilo halimo katika Kizulu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bendi yake, The Weavers, ikautoa wimbo kwa jina hilo, na mwishoni mwa 1961 The Tokens wakaupeleka namba 1 Marekani kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", wimoweh ikiwa palepale.

Jaribu leo kuuanzisha wimbo huo kwenye mkusanyiko wowote. Watakuitikia kwa neno la Seeger, si la Linda. Ni neno zuri mdomoni, nakubali, lakini hapa pana jambo linaloniuma: Linda aliuza haki za wimbo wake kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan alikadiria kwamba wimbo huo umeingiza dola milioni 15 kwa kutumika katika "The Lion King" peke yake, na mwaka 2006 tu ndipo warithi wa Linda walipofikia makubaliano ya kulipwa.

Umemtaja simba? Basi subiri. Sauti ile ya kwanza kabisa katika filamu ya "The Lion King", ya 1994, inayopaa jua likichomoza, ni ya Lebo M wa Afrika Kusini, na inasema kwa Kizulu jambo jepesi kabisa: anakuja simba, baba. Baba yao ni baba yetu, neno ni lilelile! Lakini watoto wa Kimarekani wamesikia habari za pengwini na nguo za kulalia za rangi ya waridi.

Je, wajua kwamba Michael Jackson ana wimbo unaoanza kwa Kiswahili? Ni "Liberian Girl", kutoka albamu ya "Bad" ya 1987. Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, anasikika mwanzoni akimwambia mpenzi wake kwa Kiswahili kwamba naye anampenda na anamtaka. Msichana ni wa Liberia, nchi iliyo upande wa pili kabisa wa bara letu, ambako Kiswahili si lugha ya watu!

Katika albamu hiyohiyo mna "Smooth Criminal", na swali lile analoulizwa Annie tena na tena kama yu salama. Dunia nzima imeliimba swali hilo kwa maneno ya kila aina. Annie ni jina la mwanasesere wa kufundishia huduma ya kwanza, na wanafunzi hufundishwa kumtikisa na kumuuliza hivyo kabla ya kuanza kumpulizia pumzi. Alitengenezwa na Mnorwe Åsmund Laerdal mwaka 1960, na sura yake imenakiliwa kutoka kinyago cha uso wa msichana asiyejulikana ambaye, kwa masimulizi ya Paris, aliopolewa kutoka mto Seine katika karne ya 19.

Kiswahili kingine kimejificha kwa Lionel Richie. Usikilize tena wimbo wake "All Night Long", wa 1983. Katikati ya mwaliko wa sherehe anatamka karamu, karamu yetu hii hii ya pilau na ngoma! Na yale maneno ya katikati yanayosikika kama lugha fulani ya Kiafrika, uliyokuwa ukijiuliza ni ya kabila gani, hayana kabila: Richie aliyabuni mwenyewe. Mwaka 1984 aliyaimba kwenye kufunga Michezo ya Olimpiki mjini Los Angeles, na dunia ikacheza.

"Kumbaya" je? Wengi wameuimba kambini na kanisani wakiamini ni neno la Kiafrika. Ni Kiingereza, njoo hapa, kwa matamshi ya Wagullah, wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani pwani ya Georgia na South Carolina. Rekodi yake ya kale zaidi inayojulikana ni ya 1926, na imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

"Waka Waka" ya Shakira, ya Kombe la Dunia la 2010, sikio la Mswahili linasikia moto. Kiitikio chake kilitoka Kameruni, kwa kundi la Golden Sounds lililokitoa mwaka 1986, na kwa Kipijini cha kwao waka ni kutembea. Sisi tuliwasha, wao walikuwa wanatembea.

Na kundi la Toto, walioimba "Africa" mwaka 1982? Wao huibariki mvua. Wasikilizaji wengi husikia wanaikumbuka mvua kwa hamu, jambo ambalo mkulima yeyote wa Dodoma ataliona lina maana zaidi. Wimbo huo unaupandisha Kilimanjaro juu ya Serengeti, wakati kati ya mlima na mbuga hiyo kuna zaidi ya kilomita 200. David Paich, mmoja wa watunzi wake, hakuwa amekanyaga Afrika hata mara moja alipouandika. Mwaka 2019 spika zilisimikwa katika jangwa la Namib, zikitumia umeme wa jua, ili ziupige wimbo huo bila kikomo!

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna wimbo mmoja ambao sikubali sikio lishinde. "No Woman, No Cry" ya Bob Marley, ya 1974. Umeyaona maneno hayo nyuma ya daladala, kwenye fulana, kwenye ukuta wa kinyozi, na wanaume wakiyatafsiri kwa kujiamini kwamba bila mwanamke hakuna kilio. Sivyo! Ni Kijamaika: Marley anambembeleza mwanamke asilie. Ni wimbo wa kumfuta mtu machozi, na tumeugeuza kuwa lawama.

Tena angalia jina la mtunzi kwenye jalada: Vincent Ford, rafiki wa Marley aliyekuwa akilisha maskini kwenye jiko lake huko Trenchtown, Kingston. Mirabaha ya wimbo huo ilikwenda kwa jina lake.

Sasa swali: kwa nini masikio yetu yafanye hivi? Mwaka 1976 watafiti Harry McGurk na John MacDonald walionyesha watu video ya mdomo unaotamka "ga", huku sauti ikisema "ba". Watu wakasikia "da"! Silabi ambayo hakuna aliyeitamka. Jaribu na mwenzako mwenye simu, utaduwaa.

Na mwaka 1970 Richard Warren alirekodi sentensi, akakata kabisa sauti moja ndani ya neno, mahali pake akaweka kikohozi. Wasikilizaji walikuwa 20. Wangapi walisema hakuna kilichokatwa? 19! Ubongo ulikuwa umeshaziba pengo, na yule mmoja aliyebaki alikosea mahali palipokatwa.

Unakumbuka Mei 2018, dunia ilipogombana juu ya neno moja lililorekodiwa, hawa wakisikia Laurel na wale Yanny? Sauti ni moja, spika ni moja, chumba ni kimoja. Ndugu wawili walitazamana wakadhani mwenzake anadanganya.

Kwenye wimbo mambo ni magumu zaidi. Irabu huvutwa, konsonanti humezwa na ngoma, na mkazo wa neno hufuata mahadhi. Kwa Kiswahili hilo si dogo: tamka barabara ya gari, kisha utamke barabara kwa maana ya sawasawa, usikie jinsi mkazo unavyohama. Mpe mwimbaji ahamishe mkazo huo, na wewe umeshahama barabarani.

Wajapani wao wameufanya mchezo huu kuwa kipindi. Tangu 1992, ndani ya kipindi cha televisheni cha "Tamori Club" kulikuwa na sehemu maalumu ya nyimbo za kigeni zinazosikika kama Kijapani. Watazamaji walituma walichosikia, na wasanii wakakiigiza. Zawadi za washindi? Mojawapo ilikuwa kijiti cha kuchokolea masikio! Kipindi kilifungwa mwaka 2023.

Ujerumani wana bibi yao, Agathe Bauer. Mwaka 1990 kundi la Snap! lilitoa "The Power", na Wajerumani wakasikia mwimbaji akiita jina la mama wa kijijini. Mpaka leo nyimbo zilizosikiwa vibaya huitwa huko nyimbo za Agathe Bauer. Na kinachonifurahisha zaidi: Snap! walikuwa kundi la Frankfurt, Ujerumani hukohuko.

Waswidi, mwaka 2000, walikaa wakasikiliza wimbo wa Kiarabu wa Azar Habib wa Lebanon. Wakasikia kwa Kiswidi kwamba kofia ni yako. Wakatengeneza katuni yenye makofia tele, ikazagaa kwenye intaneti kabla YouTube haijazaliwa.

Naye Adriano Celentano wa Italia aliona kwa nini angoje watu wakosee. Mwaka 1972 alitoa wimbo wenye jina refu "Prisencolinensinainciusol", wenye maneno yasiyo na maana lakini yanayosikika kama Kiingereza cha Kimarekani mwanzo mwisho. Mtu asiyejua Kiingereza ataapa ni Kiingereza. Anayekijua atakaa akitega sikio mpaka achoke.

Umewahi kumsikia Ken Lee? Mwaka 2008, kwenye mashindano ya kuimba ya Music Idol huko Bulgaria, Valentina Hasan aliimba "Without You" ya Mariah Carey kama alivyoisikia. Pale Mariah anaposema hawezi kuishi, Valentina aliimba Ken Lee, kwa moyo wake wote. Mamilioni wamemtazama, na mimi naona aliimba kwa uchungu kuliko wengi waliojifunza maneno.

Na hili je? Mwaka 2002 dada watatu wa Córdoba, Hispania, walitoa wimbo ambao huenda na wewe uliucheza kwenye sherehe ukikunja mikono na kugonganisha magoti: "Aserejé", uitwao pia wimbo wa Ketchup. Uliuza zaidi ya nakala milioni 7. Kuna watu Amerika ya Kusini walioogopa kiitikio chake, wakanong'ona kwamba ni maneno ya shetani.

Shetani hayumo! Wimbo unamhusu kijana Diego, anayeingia kwenye dansi na kuomba kibao akipendacho, "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, ya 1979. Hajui Kiingereza, kwa hiyo anaimba anachosikia. Kiitikio chote kile ni Kiingereza cha Diego! Na kwa nini dada hao waliitwa Las Ketchup? Baba yao, mpiga gitaa wa flamenco, alijulikana kwa jina la Nyanya.

Kanisani nako hakukosi. Fanny Crosby wa Marekani alipofuka akiwa na wiki 6, akatunga zaidi ya tenzi 8,000. "Usinipite Mwokozi" tunayoimba kwa Kiswahili ni mmojawapo. Katika utenzi wake mwingine anasema ataubeba msalaba kwa furaha. Watoto wa Marekani wakasikia habari za dubu mwenye makengeza aitwaye Gladly, wakampenda dubu huyo maisha yao yote.

"Silent Night" uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 kijijini Oberndorf, Austria. Watoto wa Kijerumani husikia ndani yake kwamba mtoto wa Mungu anaitwa Owi, naye anacheka. Wenzao wa Kiingereza husikia kuna bwana mnene aitwaye John amesimama karibu na hori. Noeli moja, wageni wawili wasioalikwa!

Je, kosa la sikio linaweza kuwa filamu? Limekuwa! Katika wimbo wa Rudolph, kulungu mwenye pua nyekundu, panatajwa kulungu wengine wote. Watoto wakasikia kulungu mwingine aitwaye Olive. Mwaka 1997 Vivian Walsh na J. Otto Seibold wakatoa kitabu kuhusu Olive, mbwa anayeamini kwamba yeye ni kulungu huyo, na mwaka 1999 kikawa filamu ya televisheni, Drew Barrymore akimpa Olive sauti.

Usidhani watunzi wenyewe huyajua maneno tangu mwanzo. Paul McCartney alipopata mahadhi ya "Yesterday", ya 1965, hakuwa na maneno, akawa anaimba mayai ya kuvuruga. Ndiyo, mayai ya chai ya asubuhi, kwenye wimbo uliokuja kuliza watu duniani kote!

Nirvana walipotoa "Smells Like Teen Spirit" mwaka 1991, hakuna aliyeshika maneno. "Weird Al" Yankovic akampigia simu Kurt Cobain kuomba ruhusa ya kuuigiza. Cobain akauliza kama utakuwa wimbo wa chakula. Hapana, akajibu, utakuwa kuhusu jinsi hakuna anayekuelewa unachoimba. Cobain akakubali palepale.

Eddie Vedder wa Pearl Jam ndiye kiboko. Wimbo wao "Yellow Ledbetter", wa 1992, hauna maneno maalumu. Yeye huyabadilisha akiwa jukwaani. Mashabiki wamebishana miaka zaidi ya 30 juu ya maneno ambayo mwimbaji mwenyewe hayarudii.

Lakini waliofika mbali kuliko wote ni Sigur Rós wa Aisilandi. Mwaka 2002 walitoa albamu isiyo na jina, mabano mawili tu, ikiimbwa yote kwa sauti zisizo lugha. Ndani yake waliweka kijitabu cha maneno ya nyimbo, na kurasa zake ni tupu: msikilizaji aandike mwenyewe anachosikia!

Basi leo jioni mtafute mtoto wa nyumbani kwako, yule anayeimba wimbo ambao lugha yake haijui. Usimsahihishe. Mwambie aimbe polepole, neno kwa neno, umuulize anayeimbwa ni nani na anakaa wapi. Chukua kalamu uyaandike yote, kabla hajafundishwa maneno sahihi.